Jina la Mzee Wambura Kwenye Mnara

Nyakato, Musoma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshapona kile kikohozi, na kwamba Mama sasa anashuka mtoni bila kushikilia goti. Mimi ni mzima. Joto la huku nimelizoea, na dagaa wa Mwigobero nakula karibu kila siku, ingawa maharage ya Mbinga bado nayakumbuka.

Kazi za ujenzi zilikwama tangu mvua zianze, kwa hiyo nilipoitwa kijiji kimoja upande wa Butiama kukarabati mnara, nilishukuru. Ni mnara mdogo wa saruji, unanifika kifuani, uko jirani na ofisi ya kijiji. Una majina sita ya vijana wa pale waliojitolea kwenda vita vya Kagera wakiwa mgambo. Hakuna aliyewalazimisha. Mkutanoni waliulizwa nani yuko tayari, wakasimama. Wengine walikuwa wameoa msimu uleule. Bamba la majina lilikuwa limepasuka, na mtendaji wa kijiji akataka nichonge jipya.

Orodha aliyonipa ilikuwa na majina matano. Nikamwambia kwenye bamba la zamani kuna la sita, Wambura.

"Huyo yuko hai," akasema. "Ameomba mwenyewe atolewe."

Kumbe Mzee Wambura aliumia vitani, akalazwa mbali muda mrefu, na habari iliyofika nyumbani ikasema amekufa. Aliporudi, na mguu mmoja usiokunjika, alikuta mkewe ameshanyoa nywele na jina lake limeshaandikwa. Hakuna aliyelifuta.

Siku ya pili alikuja kutazama kazi. "Mnara ni wa wasiorudi," aliniambia. "Mimi leo asubuhi nimekunywa uji. Kila mwaka wanasoma jina langu kwenye misa ya marehemu, na mimi nimekaa benchi la nyuma. Nawaonea aibu wenzangu."

Nilikuwa namalizia jina la tano alipofika Bibi Bhoke, mjane wa mmoja wa wale watano. Akahesabu majina kwa kidole.

"Wambura yuko wapi?"

"Ameomba nimtoe, Bibi."

Akaweka kikapu chini. "Fundi, acha nyundo kwanza. Huyu mzee alikuwaga na plau moja na ng'ombe wawili. Mvua ikianza, anaanzia kwangu. Akimaliza anakwenda kwa mwenzangu, mpaka tunaisha wajane wote watano. Shamba lake lilikuwaga la mwisho. Miaka mingine mvua ilikata hajapanda. Amefanya hivyo na mguu ule, mpaka watoto wetu wakaweza kushika plau wenyewe."

Mzee akatazama pembeni. "Tulisimama pamoja, shemeji. Ningefanya nini?"

"Basi na hapa ukae nao pamoja."

"Kumwandika mtu hai kati ya marehemu ni uongo."

Walibishana taratibu, bila hasira, nami nimesimama na tindo mkononi. Mtendaji hakutaka kuamua. Kesho yake Bibi Bhoke akarudi na wajane wenzake wawili ambao bado wako hai, mmoja anaongozwa mkono kwa kuwa haoni tena. Walikuwa wameshakubaliana. Nichonge majina ya waume zao watano, niache nafasi, kisha chini niweke mstari mmoja wa kwao wenyewe. Mtendaji akaridhia, nikachonga: WAMBURA ALIRUDI, AKATULIMIA.

Mzee alipokuja kuona, alisoma. Akapitisha kidole juu ya maneno yale, mwanzo hadi mwisho.

"Herufi za mwisho umezibana, fundi," akasema.

Halafu akavua kofia, akaendelea kusimama pale. Tukaondoka, tukamwacha na wenzake.

Baba, watu wa namna hii sijawahi kukutana nao. Wale watano walikwenda bila kushurutishwa na mtu. Huyu aliyerudi naye hakushurutishwa, na kazi yake haikuisha vita vilipoisha. Nilipanda gari kurudi Nyakato najisikia vibaya, kwa sababu nawe ulikwenda vita vile, na miaka yote nimekuwa nikikuuliza habari za kahawa na mbuzi tu. Nilidhani hutaki kusema. Labda hakuna aliyekuuliza.

Nisalimie Mama, na dada Skola pamoja na wanawe, na mjomba Kosmas wa mashine ya kukoboa. Mwambie shemeji Winfrida, mke wa kaka, kwamba shuka alilonipa nalitumia hata kwenye joto hili.

Sijui hata jina moja la watu uliokwenda nao vitani. Naomba umtajie dada majina yao, ayaandike kwenye jibu lako, waliorudi na wasiorudi.

Mwanao,
Kastori