Koti la Mikono Mirefu

Jirani yangu Baba Elia,

Nimekata koti la mume wangu kwa vipimo vyako. Nakuandikia kwa haraka, maana wiki ijayo tunamuaga binti yetu Upendo hapa Katesh kabla hajaolewa.

Usicheke. Najua ungecheka, fundi wa miaka ishirini, mimi ninayewafokea wateja wasiosimama wima. Baba Upendo alikuwa safarini na lori lake la vitunguu, kama kawaida yake, akaniambia kwa simu, "Si unanijua? Kata tu." Nikakata bila kufungua daftari. Nilipomaliza mkono wa pili ndipo nikaona, inchi ishirini na sita. Mume wangu ni mfupi, unamjua. Ile ni mikono yako, nikakosa moyo wa kuipunguza.

Unakumbuka siku niliyokupima? Ulikuwa bwana mifugo wetu, tunapakana ukuta, mkeo akifundisha Dongobesh na kurudi mwisho wa mwezi, akirudi. Nikapitisha futi kifuani kwako, nikatakiwa kutaja namba, nikaisahau. Ukasema taratibu, "Mama Upendo, pima tena." Nikapima tena. Hilo tu ndilo tulilofanya, Mungu anajua.

Na ile jumuiya ya Jumamosi alfajiri, leo sala nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Tulikuwa tunarudi wewe mbele, mimi nyuma hatua ishirini, ili Mama Josefu wa pale kona asipate la kusema. Penye tope ulisimama ukajifanya unafunga kamba za buti mpaka uone nimevuka. Nilikupenda kwa zile kamba, Baba Elia. Sikuwahi kukuambia, na sasa naliandika kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu.

Siku moja ukaniita pale kwenye uzio. "Nimeomba uhamisho mwenyewe," ukasema. "Nikizidi kukaa hapa nitakuharibia nyumba." Nami nikakujibu, "Haya, msalimie Mama Elia," kama naagana na mteja. Ukahamia Nambis. Nikarudi kwenye cherehani, nikashona kola kinyume, nikaifumua.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Mimi sikuiba kitu, lakini naona za kwangu zimetimia.

Jana mchana Baba Upendo alirudi, akalijaribu koti. Mikono ikamfunika vidole. Nikasema haraka, "Nimekosea, lete nipunguze." Akajitazama kwenye kioo muda mrefu, akageuka upande huu, akageuka ule. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Acha," akasema. "Nitalivaa hivi hivi."

"Watu watakucheka, Baba Upendo."

"Wacheke."

Akalivua, akalitundika vizuri, akaomba chai. Kikombe kilipofika nusu ndipo akasema, "Nimempigia Baba Elia. Amekubali kuja. Nimemwambia atasimama na mimi mlangoni kupokea wageni."

Sijui anajua nini, na siwezi kumuuliza, maana nikiuliza tu nimejitaja. Leo ameniamkia vizuri, amekata kuni, amewapa ng'ombe maji. Upole wake ndio unaoniogopesha. Upendo yuko chumba cha pili anapiga pasi gauni lake huku anaimba, hana habari. Nikiwafikiria ninyi wawili pale mlangoni, bega kwa bega, na Mama Josefu akiitazama mikono ya lile koti kisha akiitazama ya kwako, natamani siku hiyo isifike.

Najua ulikubali kwa heshima. Basi kwa heshima hiyohiyo, ugua. Sema ng'ombe wa huko wamepata maradhi, sema lolote. Mume wangu nitamkabili mwenyewe, na umbea wa mtaa nitaumeza. Ila mimi najijua. Ukitokea pale mlangoni nitakutazama wewe kwanza, kabla yake, na binti yangu atakuwa ananiangalia.

Ni mimi jirani yako wa ukuta mmoja,
Mama Upendo