Dada Aika, Zile Picha Niliziona

Mpendwa dada Aika,

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ujumbe unausoma, alama za bluu naziona, halafu kimya. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia barua, tena ya wazi, kwa sababu wapo wanaosema uliacha masomo ya shahada ya udaktari kwa kuchoka, na mimi nimekuwa nikiwasikia bila kuwajibu. Padri na Farida, tuliosoma nao, nao wana haki ya kuisoma. Ukitaka kuichana ichane, ila nakuomba ufike mwisho kwanza.

Nazikumbuka sana Jumamosi za kwako Kijenge. Tulikuwa watu wazima wanne na mvi zetu, tunahangaika na tasnifu kama watoto wanaongoja mtihani wa darasa la saba. Wewe ulikuwa mthibiti ubora wa shule, mimi mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Padri alikuwa amefundisha seminari miaka mingi, na Farida alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye ndugu zake mpaka leo hawaelewi kwa nini alilikimbia duka la familia. Wasimamizi wetu walikuwa wanakaa na sura zetu mpaka tunasahau tuliandika nini. Wewe ndiye uliyesema tusiwangoje, tusomane wenyewe.

Na sheria ukaweka wewe. Mwenye sura haongei. Mwenzake anaisoma kwa sauti, yeye anakaa kwenye kile kiti chako cha pembeni na kumeza mate, kisha kila mmoja anamuuliza swali moja linalouma. Mtori wa ndizi na nyama ulikuwa unachemka jikoni, na asiyeuliza hapewi bakuli. Siku ya kwanza Farida alisema sura yangu ni nzuri sana, ukamgeukia na mwiko mkononi: "Hapa hatuji kusifiana. Kusifiwa tutasifiwa msibani."

Mimi uliniuliza huyo "jamii" ninayemlaumu kurasa zote zile ni nani, anakaa mtaa gani, na kama nimewahi kuongea naye. Nilinuna siku tatu. Siku ya nne nikazifuta zile kurasa, na tangu hapo kazi yangu ikaanza kusimama.

Halafu ikafika Jumamosi ya sura yako ya nne. Mvua ilikuwa inanyesha, mlima hauonekani kabisa, na Padri alikuja na viatu vimejaa tope. Ulikuwa umetoka kukusanya data kwenye shule sita, kuanzia Maji ya Chai kupanda juu kuelekea msituni, ukitaka kujua kama walimu wanatumia zana za kufundishia. Ulikuta wanatumia, shule zote. Ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kukuona nayo. Farida akasoma, na picha ulizopiga madarasani zikawa zinapita mkono kwa mkono.

Kwenye picha ya kwanza kulikuwa na chati ya mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, imechorwa kwenye kiroba cha mbolea kilichopasuliwa, tumbo limepakwa zambarau. Kwenye picha ya shule ya pili, chati hiyo hiyo. Ya tatu, hiyo hiyo tena, na kona yake imezibwa kwa plasta ya kidonda.

Ile chati naijua, dada. Ilichorwa na mwalimu wangu wa sayansi, na tumbo likawa zambarau kwa sababu rangi nyekundu ilikuwa imekwisha. Mimi ndiye niliyekuwa nampa bodaboda aipeleke mbele kila walimu wakuu tulipopigiana simu kwamba mkaguzi yuko njiani. Serikali ilibadilisha jina la cheo, lakini kwetu mliendelea kuwa wakaguzi. Wewe uliingia kwenye zile shule na kibali cha utafiti mkobani, ukajiona mwanafunzi tu. Wao walimwona yule yule aliyekuwa akija na daftari miaka yote, wakatoa walichozoea kutoa. Chati iliendelea na safari zake hata baada ya mimi kuondoka shuleni kwenda masomoni.

Zamu yangu ya kuuliza ikafika. Unakumbuka nilisema nini? Nilisema rejea moja kwenye ukurasa wa kumi na moja haina mwaka. Ukacheka, ukaniambia leo nimekuwa mpole, ukanipa bakuli. Nikala, na nikaongeza.

Nilijidanganya kwamba nakuhurumia, maana ulikuwa umezunguka ule mteremko karibu mwaka mzima kwa miguu yako. Nilijiambia pia kwamba siwezi kuwachoma walimu wakuu wenzangu. Ukweli ni kwamba ningelisema lile neno, ningelazimika kusema pamoja nalo kwamba kila ulipokuja shuleni kwangu, ukatusifu, ukanywa chai ofisini kwangu, nilikuwa nakudanganya. Nilishindwa kukutazama usoni nikayasema hayo.

Lakini hilo silo lililonifanya niandike. Jumatatu yake nilifungua kazi yangu mwenyewe. Mimi pia nilikuwa nimepanga kuwahoji walimu wa shule za jirani, watu wanaonijua kwa cheo changu. Kosa lako lilinionyesha langu kabla sijalifanya. Nikahamishia utafiti wangu wilaya ya mbali ambako hakuna aliyenifahamu, na nikaandika kurasa mbili kuhusu namna mtafiti mwenye cheo anavyoambiwa kile ambacho cheo chake kinapenda kusikia. Zile kurasa mbili sikuzileta Jumamosi. Niliwaambia nimehama kwa sababu huko nina ndugu wa kunipokea.

Siku ya utetezi wa tasnifu yako mtahini alizipanga zile picha tatu mezani, moja baada ya nyingine, akakuuliza kama hiyo ni chati moja. Nilikuwa nimekaa nyuma yako. Niliona mabega yako yakishuka. Ukaambiwa urudi kwenye zile shule ukakusanye data upya, na ruhusa yako ya masomo ilikuwa imekwisha. Ukarudi kazini, baadaye ukaomba uhamisho kwenda Moshi. Hakuna aliyetangaza kwamba Jumamosi zimekufa, tuliacha tu kuja.

Na bado ulikuja kwenye utetezi wangu. Ulikaa safu ya mwisho na kitenge chako cha kijani. Mtahini alizisifia zile kurasa mbili, akasoma aya nzima kwa sauti, nami nikakuona unaweka kalamu chini. Kwenye ngazi ulinipongeza, ukanishika mkono, hukuuachia.

"Eli, zile picha zangu, siku ile. Uliona?"

"Hapana, dada. Ningeona ningesema."

Ukanitazama kama ulivyokuwa ukilitazama andalio la somo lililoandikwa asubuhi hiyo hiyo. Ukasema, "Haya, mdogo wangu," ukashuka.

Niliona, dada Aika. Niliona Jumamosi ile ile, kabla Farida hajamaliza ukurasa. Nilikudanganya kwa kunyamaza, kisha nikakudanganya kwa mdomo, na katikati nikajipatia shahada. Najuta, na sina namna ya kulipamba neno hilo.

Sasa nafundisha chuo. Wanafunzi wa udaktari wanakuja na sura zao, nami nawaambia watafute watu wa kuwauliza maswali yanayouma. Wanaandika maneno hayo kwenye madaftari yao wakidhani ni yangu.

Juzi nilimwomba Padri nakala yake ya sura yako ya nne, nikaisoma upya. Data yako haikuharibika. Shule zinazoazimana chati moja ili mkaguzi aone anachotaka kuona, hiyo ni tasnifu kamili, na haijaandikwa kwa sababu wanaoijua ndio walioifanya. Nimemwendea msimamizi wako. Anasema ukiandika barua ya kuomba kurejeshwa masomoni ataipeleka mwenyewe. Utahitaji mwalimu mkuu atakayesimulia jinsi tulivyokuwa tukifanya, na huko mlimani hakuna atakayekubali.

Mimi nakubali. Tuna kawaida ya kuficha majina ya tunaowahoji, langu usilifiche. Andika jina, shule na miaka yote. Wanafunzi wangu na wakubwa wangu wa chuo watasoma, na wasome.

Nitakuja Moshi siku utakayosema, au uje wewe. Najua swali lako la kwanza litakuwa kwa nini nilinyamaza. Niulize hilo tukiwa wawili, kinasa sauti kikiwa kimezimwa. Kisha kiwashe, uniulize tena, nami nitajibu vile vile.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuangusha,

Elirehema