Kicheko Kilichokatwa

Jumamosi, 7 Juni

Sare mbili zimebaki, uzi wa kijani umeisha. Cherehani nimeifunika mapema, nikaenda kumzika Hamisi. Kaanguka shambani na jembe mkononi. Presha. Hata hospitali hakufika, maskini. Watu walilia mpaka nikaona hapa mtani anahitajika. Ukoo wao na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Nikalala njiani, jeneza lisipite. Kisha nikamgeukia Bi Tatu, mama mdogo wa marehemu, mtani wangu hasa: "Kizee wewe, mchawi mkubwa! Umemla Hamisi peke yako, hata mguu hukutubakishia?" Naye: "Ningekubakishia, ukakwamwa na mfupa, nani angenishonea?" Watu hoi kwa kucheka. Mjane naye kacheka, machozi yanamtoka. Nimerudi nyumbani najisikia vizuri. Mdomo wangu huu una faida zake.

Jumatatu, 9 Juni

Mteja kaja kuchukua gauni, kanionyesha simu. Sauti yangu! Iko kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. "Mchawi mkubwa! Umemla Hamisi peke yako." Basi. Jibu la Bi Tatu limekatwa, kicheko kimekatwa. Aliyerekodi ni shemeji wa marehemu, mgeni wa mbali, hajui nani mtani wa nani. Chini kaandika: "Hata jirani yake anajua." Jirani ni mimi. Nikaandika kwamba ule ni utani wa msibani. Mtu akajibu: "Fundi kaogopa kurogwa." Nina hasira, nimejidunga sindano mara mbili.

Jumanne, 10 Juni

Bombani wanawake wamempisha Bi Tatu. Si kwa heshima. Wamebeba ndoo zao tupu wakaondoka.

Jumatano, 11 Juni

Mwenyekiti wa kijiji kaitisha mkutano. Nilikwenda na matumaini, mjinga mimi. Nimeeleza yote, wazee wakaitikia. Kijana mmoja akawasha simu, akaiweka kwenye kipaza sauti.

"Hii sauti ya nani, fundi?"

Yangu.

"Ulisema, hukusema?"

Nilisema. Wakapiga makofi. Kadiri ninavyoeleza, ndivyo ninavyozidi kumchimbia Bi Tatu kaburi. Shemeji mtu aliyerekodi alishapanda basi juzi. Bi Tatu alikaa nyuma, kanga kichwani, hakunitazama. Ninawaogopa watu ambao najua viuno vyao kwa tepu.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika ilivyokuwa.

Saa saba mchana, wengi wako msikitini. Kundi limepita mbele ya kibanda changu. Mapanga, dumu la petroli. Nikakata njia ya mashambani, mbio, kiatu kimoja kimebaki huko. Nimemkuta Bi Tatu anachambua maharage.

"Siondoki. Nikikimbia, si ndiyo nimekubali?"

Nikamvuta kwa nguvu, akaniuma mkono. Nikamvuta hivyo hivyo mpaka ndani ya mahindi. Tukalala chini. Walifika wakiimba. Walikuwa wanaimba maneno yangu, yale yale, wameyatia makofi na kiitikio! "Umemla Hamisi peke yako." Kisha moshi. Bi Tatu alitaka kupiga kelele, nimemziba mdomo kwa kiganja, nikasikia meno yake yanagongana. Ningeweza kuukata ulimi wangu pale pale.

Binamu yangu katutoa kwa pikipiki mpaka mjini, kwa binti yake Bi Tatu. Nyumba imeisha yote.

Jumamosi, 14 Juni

Polisi wamewachukua wanne. Wawili nimewashonea suti za harusi. Nimeandika maelezo, karatasi tatu. Askari kauliza kama mimi ni shahidi au mtuhumiwa.

Jumapili, 22 Juni

Nimekwenda mjini kumwona. Binti yake kafungua mlango, hakusema karibu, akanipisha tu. Bi Tatu alikuwa uani, kwenye mkeka, kajifunika shali. Kakonda. Nilikuwa na utani nimeuandaa tangu kwenye basi, kuhusu meno yake na mkono wangu. Mpangaji mwenzao alikuwa anafua pale karibu. Bi Tatu akamtazama yule mama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kidogo.

Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Tangu nizaliwe sijawahi kumwamkia. Salamu yetu ilikuwa matusi, miaka yote.

Akavuta shali mabegani.

"Marahaba, mwanangu."

Chai ikaletwa. Tumezungumzia baridi.