Shahidi wa Tatu

Jumamosi, 1 Novemba
Baada ya alasiri nimemsomea tena. Chai ya maziwa ya ngamia, joto, kurasa chache. Macho ya Awoowe Yusuf, babu aliyenilea, yameingia ukungu, kwa hiyo namsomea mimi. Ni taarifa ya kesi ya uhaini iliyompeleka kaka yake kitanzini. Kaka huyo ndiye babu yangu, mzazi wa baba. Serikali iliipiga chapa miaka ile ya shifta, waasi wa kaskazini. Nilitoa nakala Nairobi. Nasoma Kiingereza, namfasiria papo hapo.
Leo, shahidi wa pili alipokwisha, akasema, "Anayefuata mruke."
Nimemruka. Siwezi kufikiri jambo jingine.

Jumapili, 2
Nimemsoma peke yangu. Jina halikuchapwa. Wameandika mchunga ngamia wa Buna, basi. Alisema aliwaona wenye bunduki wakilala kwa mshtakiwa, na kwamba alimjua vizuri kwa sababu walinyonya ziwa moja.
Babu alikuwa na ndugu mmoja tu wa ziwa lake. Yusuf.
Sikula.

Jumatatu, 3
Mambo yanajipanga yenyewe. Nayachukia. Babu alinyongwa. Eda ilipokwisha, Yusuf alimwoa mjane, Ayeeyo, bibi yangu, kama desturi ya dumaal inavyotaka: mke wa marehemu huenda kwa nduguye. Ngamia pia wakaenda kwake. Akamlea baba. Nimekua nikiisifu habari hii.
Na Ijumaa hii, siku ya ndoa yangu, yeye ndiye walii wangu. Baba hayupo, sina kaka. Ulimi wake ndio utakaoniozesha.

Jumanne, 4
Wageni wa harusi wamefika kutoka Bute. Namchunguza Awoowe anavyokula. Ayeeyo humkatia nyama vipande vidogo, humwekea mkononi. Anacheka. Binamu yangu Habiba kaniambia, "Bibi harusi, mbona unamkagua mzee kama polisi wa kizuizi cha barabarani?" Wote wakaangua kicheko. Nami pia, nikiwa nimechelewa.
Nikimkataa asiwe walii wangu, itabidi niseme sababu. Nikiisema, nyumba hii itapasuka mbele ya wageni.

Jumatano, 5
Nimemuuliza Ayeeyo. Alikuwa anatia ubani kwenye makaa. Hakusita.
"Mimi ndiye niliyempelekea neno aseme."
Amenieleza huku akipepea moshi. Ndugu wote wawili walikuwa wamekamatwa. Wazee walikaa kikao. Babu, walisema, harudi tena. Yusuf akinyamaza, watanyongwa wote, na mjane atakwenda kwa mtu wa mbali, watoto watawanyike. Kwa hiyo mmoja aseme, atoke, ailee nyumba. Ayeeyo alilipeleka neno hilo gerezani pamoja na chakula. Taarifa ya serikali haijui kikao hicho.
"Ulitaka nizike wawili?"
Nikauliza kama babu alijua.
"Alijua." Akapepea. "Nadhani alijua."
Jibu la kwanza lilitoka haraka. La pili nitalala nalo.

Alhamisi, 6
Leo sikuruka. Nimemsomea Awoowe neno kwa neno, sikulainisha lolote. Hakukana. Aliuliza kama wameandika kaka yake alifanya nini yeye alipomaliza kusema. Nikamwambia hapana, anaingia shahidi wa nne.
"Alinitazama," akasema.
Nilingoja aseme alimtazama vipi. Akaomba maji ya udhu.
Namwamini? Saa nyingine. Kisha nakumbuka ngamia.

Ijumaa, 7
Kabla ya swala sheikh alikuja mlangoni kwa wanawake. Akauliza kama naridhia kuolewa, na kama naridhia mzee Yusuf awe walii wangu. Ayeeyo alitazama mikono yake.
Sikusema kitu. Nilikuwa bado napima. Nilihitaji dakika moja, au mwaka.
Lakini kwetu mwari huona haya, na kimya chake ni idhini. Sheikh alisema alhamdulillahi, akageuka. Vigelegele vikapigwa. Nilisikia kanzu yake ikisugua ukuta kuelekea msikitini, taratibu, umbali ambao sauti yangu ingefika.
Sikumwita.