Baba, Ufunguo Haujarudi Msumarini

Mwaka umezunguka, Baba yetu Mwalimu Urbano, tangu ulipotutoka mchana kweupe hapa Mbwera, maji yakiwa yamekupwa na boti ya kigango imekaa juu ya tope. Tunakukumbuka kwa upendo. Na kwa kuwa ulitufundisha kutosema uongo, kanisani wala nje yake, tunakukumbuka mzima mzima, pamoja na yale ambayo matangazo ya namna hii huyaruka.

Tunakumbuka ulivyokuja kijana kutoka Mahenge na sanduku la bati, ukaonja wali wa huku na samaki wake, ukasema huondoki tena. Kweli hukuondoka. Watoto wa Kiislamu na wa Kikristo uliwafundisha hesabu kwa fimbo ile ile na kuwagawia miwa ile ile. Ukiona mtumbwi wa mtu umekwama, hata usiyemjua, unakunja suruali na kuingia kwenye tope kumsaidia kusukuma. Mama yetu, Winifrida, alikuwa akikutania kwamba yeye aliolewa na mwalimu lakini kila jioni anarudishiwa kambare.

Tunakumbuka na boti. Waumini wa kigango walichanga, wakakuchagua mwenyekiti wa kamati yake, nawe ukatangaza baada ya misa kwamba ni ya kila mgonjwa, awe wa kanisani au wa msikitini. Mashine ya boti ilikaa ndani ya stoo. Ufunguo wa stoo uliutundika kwenye msumari mlangoni mwa kanisa, karibu na maji ya baraka. Mwenye mgonjwa aliuchukua, akamwita nahodha Hemedy, wakaondoka. Hakuna aliyekuomba ruhusa.

Kisha dumu la petroli likaibwa. Ukautoa ufunguo msumarini, ukautia kamba, ukauvaa shingoni. Ulisema ni kwa usalama, nasi tuliona una haki. Lakini tangu hapo watu walianza kuja kwako. Walipiga hodi, wakavua kofia, wakakuita Mwenyekiti hata wale uliowafundisha kusoma. Tulikuona unavyolipenda neno lile, Baba. Siku moja Mama alikuambia, "Urbano, kuna mtu nje, mtoto wake anaungua homa." Ulikuwa unakunywa chai.

"Wangoje kidogo," ulisema. "Wajue boti ina mwenyewe."

Wewe ndiye uliyetusimulia habari za Bwana wetu jangwani, jinsi Shetani alivyompandisha mlimani akamwonyesha falme zote na fahari yake. Binti yako Zawadi alikuwa bado mdogo, akakuuliza: huku kwetu ambako hakuna mlima, Shetani atampandisha mtu wapi? Ulicheka sana, ukasema, "Huku atatumia kiti." Baba, ulijua. Ndicho kinachotutisha hadi leo, kwamba ulijua na bado hukuhisi unapanda.

Mwamvua, jirani yetu, aliposhikwa na uchungu, wewe ulikuwa Kibiti kwenye mkutano na ufunguo uko shingoni mwako. Hemedy akavunja kufuli, akamwahisha hospitali, mama na mtoto wakapona. Tulidhani utamshukuru. Ulirudi ukamwita mwizi mbele ya waumini, ukamnyang'anya unahodha, ukaagiza mlango wa chuma. Siku mlango huo ulipofungwa mara ya kwanza, kishindo chake kilisikika hadi bandarini, na watu wakaacha walichokuwa wakifanya.

"Sasa nimwone wa kuuvunja," ulisema.

Mwili ulipoanza kuchoka, ufunguo hukuurudisha msumarini. Ulimvalisha mwanao Stephano, na kamba yake ile ile, kama mfalme anayemrithisha mwana. Mama alikuomba usifanye hivyo.

Siku ile ulirudi kutoka shambani umeshika kifua. Maji yalikuwa bado yamejaa. Stephano alikuwa Kibiti akingoja kumsalimia mgeni mkubwa, simu ameizima kwa heshima ya mkutano. Tulikulaza kwenye mkeka mbele ya stoo. Hemedy alikuja bila kuitwa, mtaimbo mkononi, akasimama.

"Mwalimu, mlango huu wako," alisema. "Mie siugusi mpaka uniambie kwa kinywa chako."

Ukamwambia, "Vunja, mwanangu."

Akapiga. Fundi wako alikuwa amefanya kazi nzuri, Baba, nzuri kupita kiasi. Hemedy alipiga hadi viganja vikachubuka, na sisi tukiutazama mlango, maji nayo yalikuwa yakituacha taratibu nyuma ya migongo yetu. Ulipofunguka, boti ilikuwa imelala ubavu na mkondo umebaki mchirizi. Ulikata roho umeshika mkono wa Hemedy, unamwomba msamaha yeye na Mungu. Hemedy alisamehe pale pale, tulimsikia. Kwa Mungu tunakuombea.

Tulidhani msiba ule ungetosha. Matanga hayajaondolewa, Stephano akamwita fundi, mlango ukasimamishwa upya na kufuli la pili likaongezwa. Kiti chako amepewa yeye. Siku hizi akipita watu wanasimama, na mwezi ujao ameitwa tena Kibiti, kwa kuwa wapo wanaomtaka agombee udiwani. Juzi mtu alipiga hodi ana mgonjwa. Stephano alikuwa mezani, mahali pako, na kikombe chako.

"Wangoje kidogo," alisema. "Wajue boti ina mwenyewe."

Mama aliuacha wali motoni akatoka nje. Maneno yale hakuwahi kumsimulia mtu hadi siku hiyo.

Mke wa Stephano, Elinipendo, ni mjamzito, na tumbo limeshashuka. Ni mjukuu wako wa kwanza. Akiamka asubuhi hutazama maji kwanza, halafu shingo ya mumewe. Stephano humwambia asiwe na hofu, siku ikifika yeye atakuwepo. Na wewe ulikuwa ukimwambia Mama hivyo hivyo. Tunaogopa, Baba. Hatuna namna nyingine ya kulisema.

Misa ya kukuombea ni Jumapili hii, hapa hapa kigangoni. Hatukushona sare wala kuchapisha fulana zenye picha yako. Tumepaka rangi mlango wa kanisa tu, na msumari wako tumeuacha palepale, mtupu. Stephano atakaa mbele, kwenye kiti chako, na kila atakayeingia ataupita msumari ule kwanza. Hemedy amesema atakuja, ila atabaki nje. Mtaimbo bado anao.

Unakumbukwa na mkeo Winifrida. Na binti yako Zawadi, aliyeandika haya. Na mkweo Elinipendo na huyo aliye tumboni. Na Hemedy, uliyemwita mwanangu. Na Mwamvua pamoja na mtoto wake, ambaye sasa anatembea. Jina la mwanao Stephano tutaliandika hapa siku ufunguo utakaporudi msumarini.

Hatutakusahau, Baba, hata tungetaka. Kila jioni mlango ule unapofungwa, tunakusikia.