Kidude cha Pajani kwa Faraja

Jumamosi mchana, Tunduma. Upepo mwingi na vumbi. Jua lipo ila halina joto.

Salamu nyingi kwako, ukurasa wangu unaonyamaza nikikueleza, na kwa yeyote anayepita hapa kusoma. Sisi nyumbani hatujambo. Baba Upendo mzima, kifua kinambana kidogo kwa baridi hii, lakini asubuhi kamaliza ugali wake wote. Bibi, mama mkwe wangu, mzima, meno hana ila maneno anayo. Elia, mwanangu wa mwisho, yuko shule ya bweni, tulipoongea alisema mzima, anaomba sweta. Hata mbuzi aliyevunjika mguu sasa anakanyaga. Faraja, binti yangu aliyebaki nyumbani, naye mzima, ila tangu juzi haniongeleshi. Mimi mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia.

Upendo, mwanangu wa kwanza, ndiye alinifungulia ukurasa huu kabla hajaolewa kule Mlowo. Alisema, mama, yakikujaa andika huku, nitakuwa nasoma. Faraja yeye hasomi, anasema ni mambo ya wazee. Leo ni afadhali.

Faraja ana kazi ya kibanda cha kutuma na kutoa pesa, kule karibu na mpaka malori yanakopanga foleni. Anakaa dirishani tangu asubuhi mpaka jua linazama. Akirudi anakaa tena, simu mkononi. Mimi nimezaliwa Itumba, milimani, na kwetu msichana anayekaa mchana anaulizwa kama anaumwa. Mtembea bure si sawa na mkaa bure, ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo nilikuwa na hofu yangu ya siku nyingi, naificha.

Hofu yenyewe ni Ayubu.

Ayubu ni kijana wa Mlowo, watu wa kahawa, watu wanaosali. Anampenda Faraja na Faraja anampenda, hilo hata kipofu analiona. Mshenga wao alishakuja mara moja, akala, akashukuru, akasema watarudi. Tukasubiri. Kimya. Mtu mzima ukisikia kimya kama hicho unajua wanachunguza. Mimi mwenyewe nilichunguzwa. Kabla Baba Upendo hajanioa, shangazi yake alifika nyumbani kwetu akijifanya anapita njia, akaomba mbegu ya ulezi, akashinda pale nusu siku akiangalia navyotwanga, navyochota maji, kama nakaa au nasimama. Nilijua baadaye sana kwamba yalikuwa macho ya ukweni.

Sasa katikati ya kimya hicho akatokea Rehema.

Binti mzuri, kavaa suruali, shikamoo kwa magoti. Akasema ametoka chuoni, wanafanya utafiti wa vijana wanaofanya kazi za kukaa. Akamwekea Faraja kitu kwenye simu, kinatetema na kumuuliza: sasa hivi umekaa, umesimama, au unatembea? Akikaa muda mrefu, kinamwambia asimame. Halafu akatoa kidude bapa, mfano wa kipande cha sabuni kilichoisha, akakibandika kwa plasta.

Pajani!

Nikasema moyoni, utafiti gani huu unaoanzia pajani pa mtoto wa watu? Rehema akasema ndiko kinakojua kama mtu amekaa au amesimama, maana ukikaa paja linalala, ukisimama nalo linasimama. Faraja alikuwa amekubali mwenyewe, ni mtu mzima, nikamwachia. Lakini wakati wa kuaga Rehema akanigeukia.

"Mama, eti Faraja akirudi kazini huwa anapumzika, au anasaidia kazi za nyumbani?"

Swali hilo nalijua. Nikamuuliza kwao wapi.

"Mlowo, mama."

Basi, kwangu mahesabu yakaishia hapo. Siku hizi hawatumi tena shangazi, wanatuma simu. Nikamwambia Baba Upendo, akacheka. "Mama Upendo, watu wa kahawa wanunue mashine kwa ajili ya mwanao?" Nikamwambia cheka, wewe si ndiye utakayezungumza na washenga wasiokuja.

Jumatatu ngozi ya Faraja ikaanza kuwasha. Rehema alikuwa amemwambia ikiwasha akitoe apumzike, aandike kwenye simu kwamba amekivua. Akakivua, akakiacha dirishani, akaenda kazini. Nami nikakiangalia kile kidude. Kinanitazama, nakitazama.

Naandika ukweli, maana nisipouandika hapa nitauandika wapi. Nilikichukua. Nikakifunga pajani kwangu kwa kitambaa cha khanga kuukuu, nikaenda shambani kubeba mahindi. Nilipanda mlima wa shambani na kuushuka, kichwani kiroba, na kila nikitaka kukaa chini ya kivuli najikumbusha: Faraja hakai. Watu wa Mlowo, mwoneni Faraja anavyofanya kazi! Jumanne nikarudia. Jioni nakirudisha dirishani kabla hajafika. Nilikuwa na furaha ya mwizi.

Jumatano miguu ikakataa kabisa. Jioni nilikuwa uani, nimekaa chini kwenye mkeka, miguu nimeinyoosha kama mgonjwa. Akapita mama mmoja wa makamo, sweta la kijani, mpole, akaomba kuuziwa mbegu ya maharage, kasikia yangu ya mwaka huu ni safi. Nikamwambia chukua bure, mama yangu, ila miguu yangu leo haina mwenyewe. Akacheka, akakaa. Tukaongea vizuri. Faraja siku hiyo alikuwa amewahi kutoka kazini, amekaa kwenye kigoda anachambua mboga. Mara simu ikatetema, akainuka, akaanza kuzunguka ua. Mkononi hana ndoo, hana ufagio. Anazunguka tu, anarusha mikono.

"Binti anatafuta nini?" yule mama akauliza.

"Hatafuti kitu. Simu imemwambia asimame."

"Simu?"

"Ndiyo. Ikimwambia anasimama."

Akamwangalia Faraja, akasema, "Watoto wa sasa." Faraja mwenyewe akampimia mbegu bakuli zima, akamfungia kwenye kitambaa, akamsindikiza hadi barabarani. Mimi sikuinuka hata kuaga.

Alhamisi Rehema akarudi. Akaunganisha kidude na kompyuta yake, akatazama mara mbili.

"Dada Faraja, simu yako inasema Jumatatu na Jumanne ulikivua."

"Ndiyo, nilikuwa nawashwa."

"Kifaa kinasema kimeshinda kinatembea. Hakiwezi kutembea chenyewe, dada. Umempa mtu akuvalie?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilimwona mwanangu usoni. Faraja hasemi uongo, tangu mdogo, hata ule wa kukuokoa na fimbo. Mtu anamwangalia kama mdanganyifu na yeye hajui hata pa kuanzia kujitetea.

Nikasema, "Ni mimi."

Rehema akacheka kwanza, halafu akaona siyo mzaha. Akauliza kwa nini, kwa upole. Na mimi, kwa vile nilikuwa nimeshaingia matopeni, nikaona nioge kabisa. Nikamuuliza: "Binti, niambie ukweli. Wewe na Ayubu ni ukoo mmoja?"

"Ayubu yupi, mama?"

Faraja akajifunika uso kwa khanga.

Ikawa Rehema hamjui Ayubu wala kahawa yao. Amezaliwa Mlowo tu, baba yake alihamia kikazi. Akaeleza tena, taratibu, kwamba hawatafuti mvivu. Kazi za kukaa zinaumiza mwili kimyakimya, wanataka kuona kama simu inaweza kumkumbusha mtu asimame. Siku zile mbili atazitoa, na wakubwa wake atawaambia kwamba Faraja hana kosa. Jina lake halimo kwenye taarifa, ni namba tu.

Nimemwamini. Sehemu kubwa nimemwamini. Lakini namba nayo si jina la pili? Nani anaishika?

Alipoondoka ndipo Faraja akasema. Hakupaza sauti, afadhali angepaza.

"Mama, mimi nimeajiriwa kukaa. Nikisimama pale dirishani nikazurura, nani atawapa watu hela yao? Mgongo unaniuma kila jioni, ndiyo maana nikakubali. Ungeniuliza."

Ungeniuliza.

Kumbe akirudi na kukaa alikuwa anauguza mgongo, na mimi nilikuwa nauhesabu kama uvivu. Jana nilimchemshia maji, nikamwambia nimkande. Akakubali nimkande, ila hakusema neno. Mgongo umekaza kama ubao. Nikawa nakanda na kulia, nashukuru kanipa kisogo.

Ningeishia hapa. Lakini asubuhi hii nilikuwa nachagua mbegu na mama mkwe, akaona debe limepungua.

"Mbegu umempa nani?"

"Mama mmoja mpita njia."

"Wa wapi?"

"Sikumuuliza, mama."

Akaacha kuchagua. Akaniangalia na yale macho yake. "Wewe mkamwana, wifi yangu alipokuja kwenu Itumba kukutazama, aliomba nini?"

Jamani.

Bibi alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongoni huku nami sijui nicheke au nikae chini. Nilikuwa naikodolea simu kama mwenye shamba anayelinda tundu la panya, nyani kapita mlangoni, kakaribishwa, kapewa na mbegu. Amenikuta mimi mama mtu nimejinyoosha. Amemkuta mwanangu anazunguka ua mikono mitupu, na kinywa changu mwenyewe kimemwambia kwamba anaamrishwa na simu! Lakini pia kapimiwa bakuli zima na kusindikizwa. Ameondoka na lipi?

Au labda alikuwa mpita njia tu. Siku hizi simwamini mtu, na ninayepaswa kumshuku zaidi ni mimi.

Nimejiamulia hivi: Faraja akirudi leo nitamweleza kila kitu mwenyewe, hata habari ya sweta la kijani. Nitamuuliza anataka tufanye nini. Nimuulize kwanza.

Ila wewe Upendo mwanangu, uko hukohuko Mlowo. Ukisoma hapa ulizia polepole, usitaje kwetu: Ayubu ana shangazi wa makamo, mpole, mwenye sweta la kijani? Na kama ni yeye, amesema nini alipofika? Na ile mbegu, ameitunza au ameipika? Maana akiitunza ni dalili nzuri. Niletee jibu haraka, mama, hata kwa mstari mmoja. Mlango wa uani nimeuacha wazi, na kila anayepita namkaribisha kwa kusimama.