Kumbe Supu Hupigiwa Kura

Jumatano, 30 Mei
Binti yangu Ilinca kaniuliza tena lini tutakwenda "kwa mama wa supu". Tangu Krismasi jiko la manispaa, la supu ya bure, lina kufuli na karatasi mlangoni: UKARABATI. Sijaona hata fundi mmoja na ndoo yake! Nimemwambia tutakwenda likifunguliwa. Halafu mwenyewe nikabaki najiuliza — nani hasa hulifungua? Padri? Wakubwa wa Bukaresti? Mtu mzima mimi, mama wa mtoto, sijui.
Jioni ugali na jibini. Jibini nilimpa yeye, mimi nilisema nimeshiba kazini. Kazini nilishiba mvuke wa pasi tu, mashati ya kiwanda cha Waitaliano hayaishi.

Jumamosi, 2 Juni
Jumamosi ya Wafu. Nimepeleka makaburini bakuli la wali wa maziwa kwa ajili ya bibi yangu, nikampa Shangazi Veta, jirani wa mlango wa pili. Naye akanipa lake. Anachokula aliye hai, marehemu hukipata huko aliko.
Kisha — ajabu! Meya Hurmuzache mwenyewe getini, na gari limejaa mabakuli. Unga, mafuta, sukari, taulo, mshumaa juu. Wakati wa kampeni sheria inamkataza kugawa chochote. Lakini sadaka ya wafu nani ataizuia? "Ni ya marehemu mama yangu, Aglaia," anarudia kwa kila mtu. Nasi tukajibu inavyopasa: Mungu amrehemu.
Nilipokea. Sadaka ya wafu haikataliwi, na nyumbani unga ulikuwa umekwisha.
Veta akaninong'oneza: "Aglaia kafa zamani, leo ndio kashikwa na njaa!" Nilicheka mbele ya makaburi. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 4 Juni
Kwenye kituo cha tramu kulikuwa na meza, na mwanamke kababuka pua kwa jua. Sorina, yule wa duka la dawa. Anagombea udiwani. Nikamuuliza lililonikaa moyoni: jiko kalifunga nani?
Madiwani, akasema. Walinyosha mikono Desemba, likafungwa.
Mikono tu?
"Mikono tu, dada."
Kumbe supu hupigiwa kura! Na mimi kila uchaguzi napiga muhuri karatasi ya meya, ile ya madiwani naikunja tupu. Nilidhani ni mambo ya wenye suti.
Nikamuuliza, nikikuchagua utalifungua? "Nikisema ndiyo nitakuwa nakudanganya. Mimi nitakuwa mkono mmoja. Lazima kuwe na mingine."
Huyu naye! Anaomba kura namna hiyo? Nimelitafuna jibu lake njia nzima. Bado sijalimeza.

Ijumaa, 8 Juni
Fănică kapita mlango kwa mlango. Ni diwani wa chama cha meya, ila tumekua naye mtaa huu, cheri zetu zote aliziiba yeye. Katukuta benchini.
"Haya kina mama, unga wa bosi mmekula. Jumapili mjue muhuri unatua wapi. Na mpige picha ya karatasi kwa simu, nione."
Veta hakuacha hata kumenya viazi. "Tumekula wa Aglaia, mwanangu. Mwambie Aglaia aje adai mwenyewe."
"Shangazi, acha mchezo. Chakula kile kimetoka kwa meya."
"Kimetoka na mshumaa! Sadaka ikidaiwa inamtoka marehemu mdomoni. Anataka mama yake alale njaa huko? Kamuulize!"
Fănică akafanya ishara ya msalaba. Mara tatu! Rangi ilimtoka, nilimwona. Anaamini, kama sisi sote. Meya kaikwepa sheria kwa kupitia makaburini, akasahau kwamba kinachopita kule hakirudi.
Nami nikapata nguvu, nikamuuliza: na wewe Desemba, ulinyosha mkono jiko lifungwe?
Akajibu: "Kilikuwa kifungu cha mwisho cha kikao, dada. Saa ya kula ilikuwa imepita. Wote tuna njaa, tunataka kwenda."
Hakuna aliyecheka. Hata yeye akakisikia alichokisema. Nilimpa maji ya kunywa, maana jua lilikuwa kali na kaka wa mtaa ni kaka. Ila picha, nikamwambia, hupati.

Jumapili, 10 Juni
Nimepiga muhuri. Karatasi zote mbili! Ya madiwani nilisoma majina yote, polepole, mpaka afisa wa pale akakohoa. Ilinca alitaka apigwe muhuri mkononi, akalia.
Nimemchagua nani — hata daftari hili sitaliambia.

Jumanne, 12 Juni
Meya kashinda tena. Nililia kidogo juu ya shati la mtu, nikapiga pasi juu yake. Veta kasema usishangae, wengine unga umewanogea.
Lakini Sorina kaingia! Na wengine wapya. Meya hana tena mikono ya kutosha ya kwake mwenyewe. Sijui hilo litakuwaje, nataka nilione kwa macho. Kikao ni cha wazi, kumbe — mtu yeyote anaingia na kukaa! Miaka yote hii mlango ulikuwa wazi.

Alhamisi, 28 Juni
Naandika gotini, ukumbi wa manispaa, viti vya nyuma. Ilinca kalala mapajani kwa Veta. Wanawake wa mtaa tumejaa, karani katutazama kama tumekosea njia.
Sorina kaomba jiko liwe kifungu cha kwanza. Meya: hakuna fedha. Sorina: na za fataki za sikukuu ya mji? Kelele! Mtu kagonga meza.
Sasa wanapiga kura. Wanaotaka lifunguliwe wanyoshe mikono.
Sorina. Mzee mwenye fimbo. Wawili wa dirishani. Mwalimu wa hesabu — sikumtegemea! Wengine kule mbele. Veta anahesabu kwa midomo. Kasema umebaki mkono mmoja.
Fănică kageuka, kaniona. Simkonyezi. Simtabasamii. Namtazama tu, kama ninavyomtazama Ilinca mbele ya kijiko cha dawa, mpaka afungue mdomo mwenyewe.
Mkono wake umetoka mezani. Meya naye anamtazama. Umefika kwenye kola — anailegeza tu? Umefika sikioni. Mwenyekiti anauliza, "Diwani, unanyosha au unajikuna?" Watu wanacheka. Yeye hacheki. Mkono haujashuka —